Padi ya Gemu kwa Asiyeweza Kushika Padi: Mwongozo wa Kuitengeneza Ukiwa Kisumu

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mzazi wa Manyatta anauliza kama mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo ataweza kucheza mpira wa kompyuta na binamu zake. Mzee aliyepata kiharusi anauliza kama kuna padi ya mkono mmoja. Kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda anauliza bei ya "ile padi nyeupe ya Xbox". Wote humalizia na swali moja: nianzie wapi?

Anzia hapa. Tutachukua padi ya USB ya kompyuta ya bei ya chini, tuifungue, tuitoboe matundu ya jeki, yaani soketi kama ile ya kuchomekea spika za masikio, ili kila kitufe unachotaka kiweze kubonyezwa na swichi kubwa iliyo nje. Swichi hiyo unaiweka chini ya kiwiko, kando ya goti, chini ya unyayo, popote mwili unapotii. Huhitaji kuandika programu wala kuagiza kitu ng'ambo. Unahitaji mkono unaojua kulehemu, wako au wa fundi, na wikendi isiyo na haraka.

Kabla hujatoboa chochote

Kwa wengine shida huisha bila hata kushika bisibisi. Ukiwa na PS4, mashine ya gemu ya Sony, ingia kwenye Settings, sehemu ya Accessibility, utafute Button Assignments. Hapo unahamisha kazi ya kitufe kimoja hadi kingine. Kama kidole hakifiki R2, kitufe cha nyuma upande wa kulia, kazi ya R2 inahamia kitufe kinachofikika. PS5 nayo tangu 2023 inaruhusu padi mbili zifanye kazi kama moja, mmoja akikimbiza mchezaji na mwingine akipiga pasi. Xbox ina jambo kama hilo, lililoanza kwa jina la Copilot. Gemu nyingi za FIFA pia zina mpangilio wa Two Button, ambapo vitufe viwili vinatosha kupiga pasi na kufunga bao.

Jaribu hizo kwanza. Ni bure.

Kuhusu padi za dukani. Xbox Adaptive Controller ya Microsoft ilitoka mwaka 2018 kwa dola 99.99 huko Marekani. Ina vitufe viwili vikubwa, matundu 19 ya jeki za 3.5 mm nyuma yake, na nafasi mbili za USB pembeni. Inafanya kazi na Xbox na kompyuta za Windows. Access Controller ya Sony ilitoka Desemba 2023 kwa dola 89.99, ni ya PS5, na ina matundu manne ya jeki. Ni kazi nzuri zote mbili. Ila ongeza usafiri na ushuru, halafu ujue jambo ambalo wengi huligundua mzigo ukishafika: swichi za kuchomeka kwenye yale matundu ya Xbox hazimo ndani ya boksi. Unazinunua kando. Logitech walitoa seti ya swichi 12 mwaka 2019, na bei yake wakati huo ilikuwa dola 99.99, sawa na padi yenyewe.

Ndiyo maana ninawashauri watu waanze na swichi za kujitengenezea. Jeki ya 3.5 mm ndiyo inayotumika kwenye vifaa hivi karibu kote duniani. Swichi utakayotengeneza leo kwa kifuniko cha mkebe itaingia kwenye padi ya Microsoft au ya Sony siku utakapoipata.

Utakachohitaji

- Padi mbili za USB za kompyuta, za waya, za aina moja. Hizi ni za mamia ya shilingi, si maelfu. Moja unaifungua, ya pili inabaki nzima ili ulinganishe. Usichukue ya Bluetooth kwa kazi ya kwanza.
- Jeki za kike za 3.5 mm za mono, zenye nati ya kufungia, moja kwa kila kitufe utakachotoa nje.
- Plagi za kiume za 3.5 mm kwa ajili ya swichi.
- Waya nyembamba wa nyuzi nyingi. Waya wa kebo ya intaneti una uzi mmoja mgumu ambao hukatika ukikunjwa mara kadhaa. Waya wa spika za masikio umepakwa rangi inayokataa risasi ya kulehemu mpaka uichome. Kama hujazoea, achana nao.
- Swichi ndogo za kubofya, zile zinazolia "tak", zenye ulimi wa chuma. Zimo kwenye printa na mashine nyingi kuukuu.
- Pasi ya kulehemu ya wati 30 hadi 40, risasi yake, na multimita yenye mlio.
- Bisibisi ndogo, wembe, gundi ya moto, drili yenye biti ya 6 mm.
- Vifuniko vya mikebe, vipande vya mbao, soli kuukuu za patipati, tyubu ya baiskeli, velkro.
- Kompyuta ya Windows ya kujaribia na kuchezea.

Vipuri vingi utavipata kwenye maduka ya elektroniki mjini Kisumu. Kinachokosekana agiza Luthuli Avenue, Nairobi, kiletwe na basi kama kifurushi. Mikebe, mbao na tyubu, nenda Kibuye Jumapili.

Tahadhari moja mapema. Mlango wa maikrowevu una swichi nzuri sana, lakini usifungue maikrowevu mwenyewe. Ndani yake mna kapasita inayoweza kuua hata mashine ikiwa imechomolewa. Mwache fundi anayeijua azitoe.

Kama hujawahi kulehemu, mpelekee fundi wa simu hatua ya 4 hadi ya 6, pamoja na kulehemu waya za swichi kwenye hatua ya 7. Hatua nyingine zote ni zako, na ndizo zinazoamua kama padi itatumika au itawekwa juu ya kabati.

Hatua ya 1: Mwangalie mchezaji, padi baadaye

Mkalishe anavyokaa akiwa ametulia: kwenye kiti chake cha magurudumu, kwenye kochi, au kitandani. Mgongo uegemee, miguu ikanyage kitu. Miguu ikining'inia, mwili mzima hujikaza kutafuta uthabiti na mikono ndiyo inayolipa. Ubao chini ya miguu umewahi kuleta mabadiliko makubwa kuliko kifaa chochote nilichofunga.

Sasa muulize yeye mwenyewe. Si mama yake, si kaka yake anayejibu haraka. Muulize ni sehemu gani ya mwili anayoweza kuisogeza akitaka, ikatii. Asiyesema kwa maneno ataonyesha kwa macho au kwa kichwa, mpe muda.

Chukua kifuniko cha mkebe, ukiweke karibu na kila sehemu aliyoitaja, na umwambie akiguse mara nyingi mfululizo huku mkipiga gumzo. Gumzo ni la makusudi: kwenye gemu akili yake itakuwa kwenye skrini, si kwenye kiwiko. Tazama mambo matatu:

- Je, anafika? Bila kuinama, bila kujikamua.
- Je, anaachia? Hili ndilo linalosahaulika. Mwenye misuli inayokaza anaweza kubonyeza kwa nguvu nyingi na kushindwa kuondoa mkono. Swichi isiyoachiwa ni mchezaji anayekimbia hadi nje ya uwanja.
- Je, anachoka? Kama mguso wa mwisho ni wa polepole kuliko wa kwanza, hapo si mahali pa kitufe cha kupiga pasi.

Andika sehemu zilizofaulu kwa mpangilio: ya kwanza iliyo imara zaidi, ya mwisho ya dharura. Goti la kulia, kiwiko cha kushoto, kisha upande wa kichwa. Orodha hii ndiyo ramani yako.

Tahadhari: kichwa kipe kazi ya mara mojamoja tu, kama pauzi. Shingo inayopiga pasi mechi nzima italalamika usiku. Na kwa asiyehisi ngozi yake vizuri, kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo, kisukari au ukoma, hakuna kona kali wala nati iliyo wazi. Hatahisi kidonda kikianza. Kila baada ya mchezo kagua ngozi kama ina wekundu.

Kama mchezaji ana kifafa, zungumzeni na daktari kuhusu mwanga unaomweka kwenye skrini kabla ya yote haya.

Hatua ya 2: Chagua gemu, hesabu vitufe

Usijenge padi ya "gemu zote". Chagua moja anayoitamani. Chora jedwali la safu tatu: kitendo, kitufe, na kama kitufe kinabofywa au kinashikiliwa. Kwenye mpira, pasi inabofywa lakini kukimbia kunashikiliwa. Vitendo vya kushikilia vipe sehemu ya mwili iliyo imara, au tutavigeuza kwenye hatua ya 9.

Ukiwa na swichi moja au mbili tu, anza na gemu za magari zenye mpangilio wa gari kujiendesha mbele lenyewe. Mario Kart 8 Deluxe ya Nintendo Switch ni mfano mzuri: gari linaongeza kasi lenyewe na lina usaidizi wa kulizuia lisitoke barabarani. Kwenye kompyuta tafuta gemu yenye mpangilio wa aina hiyo.

Hatua ya 3: Jaribu padi ikiwa nzima

Chomeka padi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, bonyeza Enter. Ichague padi, fungua Properties. Bonyeza kila kitufe na uandike namba inayowaka. Usiruke hapa: padi ya bei ya chini huweza kutoka dukani na kitufe kilichokufa, na utakuja kuilaumu risasi yako bure.

Hatua ya 4: Ifungue, utafute nusu mbili za kila kitufe

Chomoa USB. Fungua skrubu za nyuma, inua kifuniko taratibu, na upige picha kabla hujagusa kitu. Chini ya mpira wa vitufe utaona bodi yenye alama nyeusi. Kila kitufe kina alama mbili zinazoingiliana kama vidole vya mikono miwili bila kugusana. Mpira ukishuka, doa jeusi lililo chini yake linaziunganisha, na padi inahesabu kwamba umebonyeza. Swichi yetu itafanya kazi hiyohiyo kutoka nje.

Weka multimita kwenye mlio. Gusa nusu moja ya kitufe cha kwanza na nusu moja ya kitufe cha pili. Ikilia, nusu hizo ni za pamoja, ndizo ambazo mafundi huziita graundi. Kwenye padi nyingi vitufe vyote hushiriki graundi moja. Kwenye nyingine kuna makundi mawili au zaidi, na vitufe vya mishale mara nyingi huwa na lake.

Hapa kuna njia inayokuepusha na kizungumkuti chote hicho: peleka waya mbili kwa kila jeki, moja kutoka kila nusu ya kitufe chake, na usiunganishe jeki moja na nyingine popote. Utatumia waya mwingi zaidi, lakini itafanya kazi hata kama padi imepangwa kwa makundi. Fundi atataka kuokoa waya. Mkatalie kwa heshima.

Hatua ya 5: Kwangua, lehemu, shikiza

Risasi haishiki kwenye ile rangi nyeusi. Usiifute yote. Fuata njia nyembamba ya shaba inayotoka kwenye kitufe, umbali wa milimita chache nje ya eneo linaloguswa na mpira, na ukwangue rangi ya kijani kwa ncha ya wembe mpaka shaba ing'ae. Lehemu hapo. Ukilehemu katikati ya kitufe, mpira hautakaa tena na kitufe cha asili kitakufa. Tunataka vitufe vya asili viendelee kuishi, ili kaka au rafiki aweze kumsaidia mchezaji kwa padi ileile.

Paka risasi kidogo kwenye shaba, paka kidogo kwenye waya, kisha viunganishe kwa mguso wa sekunde mbili. Ukikaa zaidi, njia ya shaba itabanduka. Bodi zenye sura ya karatasi ya kahawia hubanduka upesi zaidi.

Kila waya ukishashika, tone la gundi ya moto sentimita moja kutoka pale. Hili si pambo. Padi ya mtu mwenye misuli inayorukaruka huvutwa, huanguka, hukanyagwa na gurudumu, na mvuto wote huishia kwenye kile kitone cha risasi.

Lehemu ukiwa karibu na dirisha, na unawe mikono kabla ya kula. Risasi nyingi za kulehemu zina madini ya risasi kweli.

Hatua ya 6: Funga jeki

Kama mikono ya padi ina nafasi ndani, toboa matundu ya 6 mm hapo. Kama haina, pitisha waya nje na ufunge jeki kwenye boksi dogo la plastiki. Sanduku la sabuni ya kuogea linatosha. Boksi la chuma hapana: litaunganisha jeki zote kwa pamoja na kuharibu mpango wetu wa waya mbili.

Jeki nyingi zina miguu mitatu hata zikiwa za mono. Mguu wa tatu umeungana na wa ncha wakati jeki iko tupu, na huachana nao plagi ikiingia. Huo hatuutaki. Chomeka plagi, tumia multimita kuona mguu upi unalia na ncha na upi unalia na shina, na ulehemu hiyo miwili.

Andika jina la kitendo juu ya kila jeki kwa kalamu isiyofutika: PASI, SHUTI, KIMBIA. Usiandike A, B, X. Mtu atakayemsaidia mchezaji wewe usipokuwepo hajui A ni nini.

Hatua ya 7: Tengeneza swichi kubwa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo yenye nafasi ya ubunifu.

Kata ubao wa mraba wa sentimita 10 hivi. Katikati gundisha swichi ndogo, ulimi ukitazama juu. Lehemu waya mbili kwenye miguu iliyoandikwa COM na NO. Usitumie NC; hiyo hukatika inapobonyezwa badala ya kuungana. Mwisho wa waya funga plagi ya 3.5 mm, waya mmoja kwenye ncha na mwingine kwenye shina. Upi uende wapi si kitu.

Kata vipande vinne vya soli ya patipati, uvigundishe kwenye pembe za ubao, virefu kuliko swichi kwa milimita moja au mbili. Juu yake gundisha kifuniko cha mkebe. Ukibonyeza kifuniko popote, kinashuka, kinagusa ulimi, "tak". Ukiachia, soli inakisukuma juu.

Ulaini na ukubwa wa vipande vya soli ndivyo vinavyoamua ugumu wa swichi. Mwenye nguvu kidogo, kama mwenye udhaifu wa misuli, mpe vipande vidogo vya sponji laini. Ambaye mkono wake hushuka kwa kishindo mpe soli ngumu na kifuniko kinene, la sivyo swichi itavunjika mechi ya kwanza. Jaribu kabla gundi haijakauka kabisa.

Usikifunge kifuniko kwa namna ambayo nguvu yote inatua kwenye swichi ndogo. Weka vijiti viwili vya mbao kando yake, virefu kidogo tu kuliko swichi iliyobonyezwa hadi mwisho, lakini vifupi vya kutosha iweze kulia "tak", viupokee uzito. Swichi zilizotengenezwa bila vijiti hivyo huja kurekebishwa mapema.

Hatua ya 8: Jostiki na mahali pa kila kitu

Kama mchezaji anaweza kusukuma jostiki, kile kijiti cha kuelekezea, lakini hawezi kushika padi, funga padi mezani kwa velkro au kwa mkanda wa tyubu, na uongeze ukubwa wa jostiki. Kipira cha tenisi ya meza kilichotobolewa kinakaa vizuri juu yake: ni chepesi, na kinasukumwa kwa kiganja, ngumi au kidevu. Asiyeweza jostiki kabisa, tumia swichi nne kwa mishale.

Swichi za mezani zishikizwe kwa velkro. Za goti na kichwa zinahitaji mkono wa kuzibeba. Shina la kioo cha pikipiki ni mkono mzuri: ni imara, lina nati ya kukazia, na wauza vipuri vya bodaboda wanalo. Baadhi yake skrubu yake huzunguka kinyume, kwa hiyo nunua na nati yake. Ufunge kwenye meza au kiti, kamwe si kwenye sehemu ya kiti cha magurudumu inayokunjwa au iliyo karibu na breki.

Kisha mwambie mchezaji apumzike kama kawaida, mikono imelala. Swichi yoyote inayobonyezwa wakati huo iko karibu mno. Isogeze.

Hatua ya 9: Panga kwenye kompyuta

Fungua Steam, programu ya kompyuta ya kununulia na kuendeshea gemu, mipangilio ya Controller, na uiandikishe padi yako. Hapo unaweza kuhamisha kila kitufe, lakini hazina iko kwenye mipangilio ya kitufe kimojamoja. Toggle hugeuza kushikilia kuwa kubofya: anabofya mara moja mchezaji anakimbia, anabofya tena anaacha. Kwa mwenye misuli inayochoka, hicho pekee kinaweza kumrudisha uwanjani. Turbo hurudia kubofya kwa niaba yake. Pia kuna Long Press, inayohesabu kitufe kikishikiliwa kwa muda tu, ili mguso mfupi wa bahati mbaya usihesabiwe. Kwa mwenye mikono inayotetemeka, anza na muda mfupi kabisa na uupandishe taratibu.

Gemu usiyoinunua Steam unaweza kuiongeza humo kama gemu ya nje, na mipangilio itafanya kazi.

Hatua ya 10: Mazoezi bila mpinzani

Anza na uwanja wa mazoezi, swichi moja tu. Ya pili iongezwe akiacha kuitazama ya kwanza. Kibanda cha PS cha Kondele kitangoja. Huko pesa huhesabiwa kwa mechi na foleni haina subira na mtu anayerekebisha velkro.

Kwa wenye PS na simu

Padi hii haitaingia PS4 wala PS5. Mashine hizo hazikubali padi yoyote ya USB tu. Kuifungua padi halisi ya PS4 ni kazi ya fundi mzoefu, kwa sababu ndani yake vitufe viko kwenye karatasi ya plastiki yenye njia za umeme, na pasi ya kulehemu huiyeyusha. Kwa PS5, njia rahisi ni padi mbili kufanya kazi kama moja, au kununua Access na kuchomeka swichi zako kwenye matundu yake manne.

Simu ya Android huikubali padi ya USB kwa kutumia adapta ya OTG, ile ya kuunganisha USB kwenye tundu la chaji la simu, ila gemu nyingi za simu hazijatengenezwa kwa padi. Kagua gemu yenyewe kabla ya kununua adapta.

Ikikataa

*Kitufe kimebonyezwa muda wote jeki ikiwa tupu, kinaacha ukichomeka plagi.* Umelehemu ule mguu wa tatu. Rudi hatua ya 6.

*Kimebonyezwa muda wote, plagi iwe ndani au nje.* Risasi imevuka kati ya nusu mbili, au waya una unyuzi uliotoka. Kagua kwa kioo cha kukuzia na upitishe wembe katikati.

*Kimebonyezwa ukichomeka swichi, kinaachia ukiibonyeza.* Umetumia NC badala ya NO.

*Ukibonyeza kimoja, viwili vinawaka kwenye joy.cpl.* Jeki mbili zimegusana mahali, au kuna aliyeokoa waya.

*joy.cpl inaona kila kitu, gemu haioni chochote.* Gemu nyingi za sasa hutaka padi inayojitambulisha kama ya Xbox, na padi za bei ya chini hujitambulisha kwa mtindo wa zamani. Ipitishe gemu ndani ya Steam, itatafsiri.

*Jostiki ya kushoto inafanya kazi kama mishale.* Bonyeza kitufe cha Analog kilicho katikati ya padi, taa iwake. Kwa mchezaji ambaye jostiki inamshinda kwa ulaini wake, huenda hiyo ikamfaa zaidi. Izime umwache achague.

*Inafanya kazi, kisha inakata, kisha inarudi.* Tikisa waya karibu na plagi huku ukitazama joy.cpl. Mara nyingi ni hapo. Kata sentimita mbili, lehemu upya, funga gundi.

*Swichi ni nzuri mezani lakini haifai akikaa kwenye kiti chake.* Amekaa tofauti na siku mliyopima. Mto umeshuka, au amechoka na ameegemea upande mmoja. Mrekebishe anavyokaa kwanza, na ndipo usogeze swichi. Kisha weka alama ya kalamu kwenye meza na kwenye shina, ili kesho yeyote atakayemfungia azirudishe palepale.